Mkasi Usioonekana Katika Shairi la Bonsai

Ukisoma ushairi wa Kimarekani kwa jicho la ufeministi, huchelewi kukutana na "A Work of Artifice" la Marge Piercy. Mti ambao ungefika futi 80 mlimani una inchi 9 tu, kwa sababu mtunza bustani huupunguza matawi kila siku huku akiuimbia kwamba udogo ndio maumbile yake. Kisha mti unageuka mwanamke. Mwaka jana niliandika insha ya semina nikilisifu mno. Sikuona kwamba katika shairi zima hamna mzizi hata mmoja.

Mkulima wa bonsai angeshangaa. Kwake matawi huja baadaye. Mche ukiwa bado mchanga, mwanzoni mwa majira ya kuchipua, hung'olewa, udongo ukakung'utwa, na mzizi mkuu, ule unaoshuka wima kutafuta maji, ukakatwa. Ya pembeni hutandazwa kuzunguka shina. Wajapani huiita nebari. Penye jeraha huota mizizi midogo mingi, ile inayonyonya maji hasa. Kazi hii hurudiwa kila mwaka au miwili mti ukiwa mdogo. Usipokatwa, mizizi hujizungusha chunguni hadi ikabane.

Basi mkasi huu unadumaza au unahuisha? Mwanzoni nilidhani swali hili linalibomoa shairi. Msonobari wa familia ya Yamaki, ulionusurika bomu la Hiroshima na kupelekwa Washington mwaka 1976, umetunzwa hivi tangu 1625. Mti unaoteswa hauishi hivyo. (Ingawa nakiri, hoja ya "mbona amenawiri" ndiyo hiyohiyo tunayoisikia kwenye vikao vya kusuluhisha ndoa.)

Sasa naona Piercy alikuwa na haki kuliko shairi lake linavyoonyesha. Anasema kudumaza viumbe huanza mapema sana, na hapo amepatia. Mkasi tu ndio ameupeleka pasipo. Tawi likikatwa, mti hupoteza kimo. Mzizi mkuu ukikatwa, mti hupoteza njia ya kujitafutia maji, na chungu chenye kina cha vidole vichache chaweza kukauka kwa siku moja ya jua kali. Mtunza bustani wala hahitaji kuimba.

Katika insha ile nilihitimisha kwamba mti ungekuwa huru laiti mkasi ungewekwa chini. Ukurasa huo ndio ninaouandika upya.