Moto ya chini, moto ya yulu: uhakiki wa makaroni ya Likasi

Jirani yangu wa Kikula, mama ninayemwita Yaya kwa kuwa amenizidi umri, hupika makaroni ya fromaji, yaani jibini, jioni anapokuwa amechoka kusonga bukari, ugali wetu. Siku moja nilimwomba anieleze anavyopika, nikaandika kila neno kama lilivyotoka kinywani mwake. Karatasi ile imeshapata madoa ya mafuta, lakini naisoma mara kwa mara, maana ni andiko lenye umbo lake, na umbo hilo linastahili kuhakikiwa kwa uzito uleule tunaowapa washairi.

Tuanze na vitenzi. Maelezo ya Kifaransa yaliyo nyuma ya pakiti za makaroni huandikwa bila nafsi: kuchemsha, kumwaga, kuchuja. Hatujui nani anachemsha, wala maji yanasema nini. Yaya anaanza hivi: “Unatia maji ku sufuria, unangoya.” Kila kitenzi kimebeba u- ya msikilizaji, kwa hiyo tangu neno la kwanza umeshaingizwa jikoni. Halafu nafsi inabadilika. Unakaanga unga ndani ya siagi, unga unanukia. Unatia maziwa bidogo bidogo, mchuzi unashika. Wewe unafanya kazi, kisha chakula nacho kinafanya kazi yake huku wewe ukitazama. Masimulizi yake yote yanakwenda kwa zamu hiyo, na ndivyo upishi wenyewe unavyokwenda. Unga ukitangulia kulowa mafuta, chembe zake zinaachana; maziwa yakija kidogo kidogo, kila chembe inavimba peke yake na mchuzi hautoi madonge. Hakuna ufundi wa mwiko unaoweza kuharakisha zamu ya unga.

Neno la pili la kulitazama ni “mpaka”. Nimelihesabu: limetokea mara sita, na dakika hazikutajwa hata mara moja. Mpaka unga unukie. Mpaka mchuzi ushikilie mwiko. Mpaka makaroni yalainike lakini yabaki na moyo mgumu kidogo, kwa sababu yatakunywa mchuzi tena yakiwa kwenye moto wa pili. Kwenye mbabula, saa haina mamlaka. Moto wa makala ya mti mkavu na moto wa makala yaliyonyeshewa hauwezi kupimwa kwa dakika zilezile. (Msomaji wa Dar es Salaam asitatizike: kwetu Katanga, mbabula ni jiko la makaa, na makala ndiyo makaa ya kupikia.) Kwa hiyo “mpaka” ya Yaya ni kipimo kamili. Inakukabidhi kwa pua, jicho na mkono.

Kisha unakuja mstari ulionifanya niketi niandike uhakiki huu. Alipofika kwenye kuoka, Yaya alisema: “Moto ya chini kidogo, moto ya yulu ni mingi.”

Hesabu mizani. Mo-to-ya-chi-ni-ki-do-go: nane. Mo-to-ya-yu-lu-ni-mi-ngi: nane. Huo ni mshororo wa shairi, ukwapi na utao, kumi na sita kwa jumla, na kituo kimekaa pale kinapotakiwa. Vina havipo, na sidai kwamba alikusudia kutunga. Ninachosema ni kwamba sentensi imegawanyika kama sufuria yenyewe ilivyogawanyika. Nusu ya kwanza iko chini ya chakula, nusu ya pili iko juu, na kile kituo cha katikati ndipo makaroni yalipolala. “Kidogo” na “mingi” zinasimama mwishoni mwa kila kipande, mahali ambapo sikio la Mswahili limezoea kungojea jambo kuu. Aliyeusikia mara moja hawezi kukosea ni upande gani wa kuongeza makala.

Moto wenyewe hufanyika hivi. Umeme ukiwapo na jiko la tanuri likiwapo, kazi ni nyepesi. Lakini ingawa bwawa la Mwadingusha kwenye Mto Lufira, si mbali nasi, limekuwa likitoa umeme tangu 1930, migodi na viwanda ndivyo vilivyojengewa umeme huo, na nyumba nyingi za Likasi jioni hurudi kwenye mbabula. Yaya anafunika sufuria kwa bati, anamwaga makala yenye moto juu ya bati, na chini anabakiza machache. Watu wa pwani wanaijua kazi hiyo, wanaiita kupalia; ndivyo wanavyokausha wali na kuoka mkate wa kumimina. Tofauti iko kwenye ukoko. Ukoko wa wali unashika chini, na mpishi anaukwangua mwishoni. Ukoko wa makaroni unatakiwa juu, mwekundu, wenye chembe za mkate mkavu zinazolia chini ya kijiko. Chakula kimepinduliwa, na moto umepinduliwa pamoja nacho.

Kuna mahali nampinga Yaya, na kosa linaonekana kwenye mpangilio wa maneno. Alisema: “Unatia fromaji, unatosha ku moto.” Kutosha kwetu ni kuondoa. Katika masimulizi ya Kiswahili, kitenzi kinachotangulia ndicho tendo linalotangulia, hivyo mpishi anayemfuata atatia fromaji mchuzi ungali unachemka. Kwa pembetatu za La Vache qui rit, ambazo ndizo tunazozipata kirahisi, hakuna madhara, kwani zimetengenezwa kwa chumvi zinazoshikamanisha mafuta na protini. Lakini ukipata gouda, au fromaji ya Masisi kutoka Kivu Kaskazini, mchuzi unaochemka utaikaza, mafuta yatajitenga, na utakula kitu chenye chengachenga. Vitenzi viwili vibadilishane nafasi: unatosha ku moto, unatia fromaji. Ni marekebisho ya sarufi yanayookoa chakula cha jioni.

Chakula hiki kiliingia Katanga pamoja na meza za Wabelgiji, mji huu ulipoitwa Jadotville, jina lililodumu hadi 1966. Waliokipika wengi walikuwa wafanyakazi wa nyumbani, wanaume walioitwa maboyi. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kutoka upande wao, kwa Kiswahili chetu cha Katanga, na mwanaanthropolojia Johannes Fabian akaichapisha mwaka 1990. Andiko la Yav linaeleweka vizuri zaidi likisomwa kwa sauti. Ukilitazama kwa macho tu, maneno yanashikana na kuachana pasipotarajiwa. Karatasi yangu ya Yaya ni ya ukoo huo. Nilijaribu kuisafisha iwe Kiswahili cha vitabuni, nikaandika “moto wa chini uwe kidogo na wa juu uwe mwingi”. Sarufi ilinyooka, mizani ikavunjika, na binti yangu aliyenisikiliza akauliza tena makala yanawekwa wapi. Nikarudisha maneno ya Yaya.

Kwa hiyo ninaomba: ukimwandika mama anayepika, usimsahihishie lugha kabla hujaisikia inavyofanya kazi.

Vipimo vyake, kwa atakayejaribu leo jioni: siagi gramu 60, unga wa ngano gramu 60, maziwa lita moja, hata yakiwa ya unga yaliyokorogwa vizuri, na fromaji gramu 200. Makaroni, pakiti moja ya gramu 500. Kwa watu sita, inaenea.