Tone la Damu Sikioni

Daktari wa mifugo aliyezoea mbwa hakimbilii sindano. Mbwa akiletwa amenyong'onyea, hataki chakula tangu jana, yeye kwanza huuliza: mkojo wake una rangi gani? Analala wapi? Mara ya mwisho aliogeshwa dawa ya kupe lini? Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi humfikirisha sana, maana huenda chembe nyekundu za damu zinapasuka ndani ya mishipa na rangi yake inatokea kwenye figo.

Kisha huinua mdomo wa juu na kubonyeza ufizi kwa kidole. Kwa mbwa mzima ufizi ni wa waridi, na wekundu hurudi ndani ya sekunde 2. Mbwa wetu wa kienyeji wengi wana fizi nyeusi. Kwao mkono uliozoea huvuta ngozi ya chini ya jicho na kusoma rangi hapo. Weupe huonyesha upungufu wa damu. Umanjano humpeleka kwenye babesia, kijidudu kinachovunja chembe nyekundu. Akimgeuza tumbo na kukuta vidoa vyekundu vidogo visivyofifia vikibonyezwa, au akiambiwa mbwa alitokwa damu puani, hufikiria erlikia, bakteria wanaoingia chembe nyeupe na kusababisha upungufu wa chembe zinazogandisha damu. Vidole vyake hupapasa tezi chini ya taya na nyuma ya magoti, hutafuta bandama iliyovimba, hupekua masikio na katikati ya vidole vya miguu. Hata asipoona kupe hata mmoja hatulii, kwa kuwa kupe aliyeambukiza huenda alishashiba na kuanguka siku nyingi zilizopita.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya kupaka damu kwenye kioo cha hadubini. Fundi wa kazi hii huchoma ukingo wa sikio, kwa sababu babesia hujazana zaidi kwenye mishipa midogo kabisa kuliko kwenye mshipa mkubwa wa mguu. Tone moja dogo huwekwa karibu na mwisho wa kioo. Kioo cha pili hulazwa kidogo, huvutwa nyuma mpaka kiguse tone, damu ikatambaa ukingoni, kisha husukumwa mbele kwa mwendo mmoja usiosita. Mkono ukitetemeka, damu inakaa mafungumafungu. Tone likizidi ukubwa, chembe zinalaliana. Ukipatia, damu huishia kwenye utando mwembamba unaopitisha mwanga, na huko mwishoni chembe zenye vimelea hupenda kukusanyika. Hukaushwa, huzamishwa katika methanoli, hupakwa rangi ambayo Gustav Giemsa wa Hamburg aliieleza mwaka 1904. Chini ya hadubini babesia mkubwa huonekana wawiliwawili ndani ya chembe nyekundu, kama matone ya machozi yaliyogusana ncha. Erlikia ni wagumu kuwaona, na daktari mwaminifu hasemi mbwa ni mzima kwa sababu tu kioo hakikuonyesha kitu.

Matibabu nayo yana adabu yake. Mbwa hupimwa uzito kwenye mizani, hakadiriwi kwa macho. Kwa babesia, dawa ya diminazini, inayojulikana sana kwa wafugaji wa ng'ombe, ikizidi kidogo tu huumiza ubongo wa mbwa. Imidokabu nayo huleta udenda na kutapika, ndiyo maana wengi hutanguliza atropini. Kwa erlikia hutolewa doksisaiklini kwa siku 28, pamoja na chakula, ili kidonge kisikwame na kuchoma koo. Hapa ndipo kazi nzuri huharibika nyumbani: baada ya siku 2 mbwa anatingisha mkia, anabweka, na vidonge vinasahaulika kabatini huku vijidudu vikingali mwilini.

Kupe wa kahawia wa mbwa huangukia ndani ya banda, na jike aliyeshiba hutaga mayai maelfu kwenye nyufa za ukuta. Kumtibu mbwa na kuliacha banda ni kumrudisha kwenye ugonjwa.

Basi, wewe mwenye mbwa, inua mdomo wake leo akiwa mzima na uijue rangi ya ufizi wake. Siku rangi hiyo itakapobadilika, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.