Kamera Ikishaanguka Mpakani: Hasara ya Pili

Kamera inayoanguka kutoka kwenye bodaboda kati ya Busia na Malaba hupata hasara mara mbili. Ya kwanza hutokea kufumba na kufumbua, na mara nyingi hakuna wa kulaumiwa: tairi limeteleza, mkanda umekatika, mtoto wa harusini amegonga stendi. Ya pili huja polepole, mikononi mwa mwenye kamera mwenyewe. Anaiokota, anaipangusa, anaiwasha, anazungusha lenzi kwa nguvu pale inapokwama, anapiga picha mbili tatu uani, anaziona ziko sawa, anarudi kazini. Dai langu ni kwamba hiyo hasara ya pili ndiyo inayokula pesa nyingi, na kwamba katika miji hii miwili ya mpakani mwa Kenya na Uganda inakula zaidi kuliko Nairobi, kwa sababu karakana yenye vifaa vya kupimia lenzi iko mbali na, kwa wanaoelekea Kampala, iko katika nchi nyingine. Yanayofanyika katika saa ya kwanza ndiyo huamua kama kitakachosafirishwa ni kifaa chenye ubovu mmoja au chenye mitatu.

Tuanze na mgongano wenyewe. Lenzi ya milimita 70 hadi 200 yenye uwazi wa f/2.8 ina uzito wa kama kilo moja na nusu, nao mara nyingi huzidi uzito wa bodi inayoibeba. Zikisafiri begini zikiwa zimeunganishwa, kisha begi likaanguka, uzito huo hugeuka mtaimbo unaosukuma pete ya kufungia lenzi ili kuing'oa. Umbali kutoka kwenye pete hiyo hadi kwenye sensa haubahatishwi: Canon ya EF ina milimita 44, Nikon F ina 46.5, Sony E ina 18, na viwandani umbali huo hurekebishwa kwa vipimo vya sehemu ya mia ya milimita. Ndiyo maana uharibifu unaotisha macho si lazima uwe ndio mkubwa. Ukingo wa mbele unaoshika kichujio ukipinda, au kioo cha mbele kikichubuka kidogo, picha huathirika kidogo sana. Kilichogongwa mbele kimemeza sehemu ya nguvu ya anguko. Pete ya nyuma ikijiinua kidogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, hapo ndipo kazi inapoharibika. Watu wengi huidharau pete ya plastiki iliyokuwa kwenye lenzi ya bei nafuu ya Canon ya milimita 50 iliyotoka mwaka 1990, na walifurahi ile ya 2015 ilipokuja na pete ya chuma. Wana haki kwa upande wa kuchakaa. Lakini plastiki inapovunjika, inavunjika waziwazi, na mara nyingi inaiokoa bodi. Chuma hubaki kimesimama, kikaipeleka nguvu ndani, na mwenye lenzi akadhani amesalimika.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini anadhani hivyo. Kwa kamera yenye sensa ya ukubwa kamili, upana wa milimita 36, wapiga picha wamezoea kukubali doa la ukungu lisilozidi milimita 0.03. Zidisha kwa namba ya uwazi: kwa f/1.8, sensa inaweza kuwa mbele au nyuma ya mahali pake kwa milimita 0.054 tu kabla picha haijaonekana kufifia. Kwa f/8, nafasi hiyo inapanuka hadi milimita 0.24. Sasa chukua lenzi ya EF, yenye mdomo wa nyuma wa milimita 54, na useme anguko limeinua upande mmoja wa pete kwa milimita 0.2. Mwinamo huo ukifika kwenye kingo za sensa unakuwa kama milimita 0.067 kila upande. Kwa f/8 hauonekani kabisa. Kwa f/1.8 umevuka mpaka, na upande mmoja wa picha umelegea. Busia iko karibu nusu digrii kaskazini mwa ikweta. Saa saba mchana jua lake mara nyingi humfanya mtu afunge uwazi hadi f/8 au f/11. Kwa hiyo jaribio la uani, lile la picha mbili tatu za mwanga mkali, ni jaribio lililopangwa lifaulu. Kasoro inakuja kujitokeza jioni, ukumbini, uwazi ukiwa umefunguliwa wote, na nusu ya ukoo wa bibi harusi ikatoka bila macho.

Jaribio la haki halihitaji maabara. Bodi hujaribiwa kwanza kwa lenzi nyingine, ya bei ndogo, ambayo haikuanguka; lenzi iliyopinda haipachikwi kwenye bodi nzima ati tuone, kwa sababu pini zake za umeme na pete yake iliyojikunja zinaweza kuumiza kilichokuwa salama. Bodi ikionekana nzima, na pete ya lenzi ikiingia bila kulazimishwa na bila kuchezacheza, kamera huwekwa kwenye stendi ikiutazama ukuta wa matofali kwa unyoofu, uwazi ukafunguliwa hadi mwisho, na pembe nne za picha zikakaguliwa kwa kukuzwa. Kisha kamera hugeuzwa juu chini na picha kurudiwa. Ukungu ukihama na kwenda upande mwingine wa ukuta, tatizo liko kwenye kamera au lenzi. Ukibaki pale pale ukutani, mpigaji ndiye aliyesimamisha stendi vibaya. Hatua hii ya kugeuza ndiyo wengi wanayoiruka, na ndiyo inayookoa nauli ya kwenda Nairobi kutengeneza lenzi isiyo na ubovu.

Maji yana sheria yake, tofauti na ya anguko. Mpiga picha wa kaunti ya Busia hufanya kazi Sio Port na Port Victoria kwenye Ziwa Victoria, hupita Budalang'i ambako mto Nzoia una historia ndefu ya kufurika, na hukutana na mvua za masika Machi hadi Mei. Maji yanayoingia kwenye kamera iliyozimwa hufanya madhara yao kwa mwendo wa taratibu. Maji yanayokuta umeme huanza papo hapo kuila shaba ya mistari ya saketi na kuihamisha kutoka mahali pamoja hadi pengine. Kwa hiyo kuiwasha kamera iliyolowa ili kuona kama bado inafanya kazi ndiko hasa kunakoifanya isifanye kazi. Betri hutolewa kwanza, halafu kadi, na swichi haiguswi tena. Kuna atakayeuliza, tena kwa haki: mteja wa harusi anasubiri, nitajuaje kama picha zake zipo? Picha zipo kwenye kadi, na kadi haihitaji umeme ili kuhifadhi kilichomo. Ikikaushwa vizuri husomwa kwenye kompyuta bila kuihusisha kamera hata kidogo. Haraka ya mteja ni sababu ya kutoa kadi, wala si sababu ya kubonyeza swichi.

Kuhusu mchele, sioni haja ya kuutetea. Mwaka 2024 hata Apple iliwaambia wateja wake wasizike simu iliyolowa ndani ya mchele, kwa kuwa chembe zake huingia na kuharibu. Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: kama hatuiwashi na hatuiziki mcheleni, si tunaiacha tu ioze? Ni kweli kwamba kukauka peke yake hakutoshi. Maji yakishaondoka huacha chumvichumvi na tope lake, soda huacha sukari inayonata kwenye kila kitufe, na unyevu uliobaki kati ya vioo vya lenzi hulea kuvu katika hali ya hewa kama hii ya kanda ya ziwa. Kamera iliyolowa inapaswa kufunguliwa na saketi zake kusafishwa kwa alkoholi safi ya isopropili siku hiyo hiyo au inayofuata. Hapa, tofauti na ubovu wa anguko, kusubiri basi la usiku ni kosa.

Na hapa ndipo fundi wa simu anapoingia. Miji ya mpakani haikosi mafundi wa simu, wenye darubini ya mezani, chuma cha kulehemu na mita ya kupimia umeme, na kuna tabia ya kuwaona ama kama waokozi wa kila kitu ama kama waharibifu. Zote mbili ni uvivu wa kufikiri. Kuosha bodi ya saketi iliyolowa, kulehemu upya tundu la kuchajia, kubadilisha fyuzi, kunyoosha kisahani cha betri: hizo ni kazi zake za kila siku, na azifanyazo kwenye simu ni ndogo na ngumu zaidi. Asichokuwa nacho ni kifaa cha kupima kama lenzi imesimama wima. Chini ya pete ya lenzi nyingi kuna vipande vyembamba vya chuma, vimewekwa kiwandani ili kusawazisha. Akifungua skrubu, kipande kimoja kikadondoka au kikarudishwa upande usio wake, amezalisha ule ule mwinamo tulioupigia hesabu. Liko pia jambo la usalama wake mwenyewe. Kamera yenye flashi ya ndani ina kapasita inayoshika volti kama 300, nayo inaweza kubaki na chaji hata baada ya betri kutolewa. Betri ya simu haijamzoeza fundi kutarajia kitu cha namna hiyo. Mwenye kamera anayempelekea kazi ana wajibu wa kumwambia. Mgawanyo basi ni rahisi: umeme na maji hutibiwa hapa hapa, haraka; vioo na pete husafiri.

Husafiri kwenda wapi? Nairobi iko zaidi ya kilomita 400 kutoka Busia kwa barabara. Kampala ni kama 200. Ukitazama umbali peke yake, jibu ni Kampala, na anayekwenda huko anafanya hesabu nzuri hadi anapofika forodha. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kilipozinduliwa rasmi Februari 2018, anayetoka Kenya hakaguliwi upande wa Kenya. Huvuka, na maafisa wa nchi zote mbili humhudumia upande wa Uganda. Akirudi, hukaguliwa upande wa Kenya. Mfumo huu umepunguza misururu, lakini umemfanya mtu avuke na lenzi yake bila kukumbuka kwamba afisa wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) anayepaswa kuiona ikitoka amekaa ng'ambo. Asipoionyesha huko, hana ushahidi kwamba anachokirudisha wiki tatu baadaye, kikiwa kimeng'arishwa na ndani ya sanduku jipya, ni mali aliyoondoka nayo. Wengine hujifariji kwa utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule wa mizigo isiyozidi dola 2,000. Utaratibu huo ni wa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama, na kamera iliyoundwa Japani, Thailand au China haina asili hiyo hata ikikaa Busia miaka kumi. Kinachosaidia ni risiti ya ununuzi, picha ya nambari iliyochongwa kwenye lenzi, na karatasi ya fundi inayotaja nambari hiyo hiyo. Ankara ya Kampala nayo hubeba kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 badala ya 16 ya Kenya, tofauti ndogo ambayo nauli iliyookolewa huilipa.

Bima ina mpaka wake pia, na huu hauna jengo wala bendera. Dhamana ya mtengenezaji haigusi anguko wala maji. Hilo halina mjadala. Kinachogusa ni bima ya hatari zote ya vifaa vya kubebeka, na ndani ya hati yake kuna kifungu cha eneo. Kikisema Kenya, mpiga picha aliyevuka kwenda kupiga sherehe upande wa Uganda, umbali wa dakika chache kwa miguu, amekwenda bila bima. Kuomba eneo lipanuliwe kabla ya kutia sahihi ni jambo la kawaida kwa kampuni za bima, ila lazima liombwe. Wapo wanaosema bima ni ya mashirika ya habari, na mpiga picha za pasipoti hana haja nayo. Kwa mwenye kamera moja nakataa, maana shirika likipoteza kamera moja linabaki na nyingine. Hata hivyo, bima haisaidii kitu ikiwa hasara ya pili imechanganyika na ya kwanza. Mkadiriaji anayekuta skrubu zimefunguliwa na kutu ya siku ishirini ana sababu ya kusema anachokiona ni uzembe wala si ajali. Picha za simu zilizopigwa pale pale ilipoangukia, kabla ya kugusa chochote, ndizo zinazotenganisha hasara hizo mbili.

Linabaki pingamizi moja ninalolikubali nusu: kwamba kununua ni rahisi kuliko kutengeneza. Kwa lenzi ya milimita 18 hadi 55 inayokuja na kamera ya kuanzia, ni kweli. Gharama ya fundi na nauli huifikia bei ya nyingine iliyotumika. Lenzi ya f/2.8 ni habari nyingine, na huko kosa la mwisho la kuepuka liko kwenye mlango wa karakana. Fundi wa Kampala au Nairobi atakabidhi lenzi kwa kuionyesha ikipiga picha dirishani, mchana, na picha itakuwa kali. Mteja aombe ukuta, stendi na uwazi wote, ageuze kamera juu chini, akuze pembe nne, na alipe baada ya hapo, kwa sababu kurudisha lenzi hiyo kutoka Malaba ni safari nyingine na, kwa aliyekwenda Kampala, ukaguzi mwingine wa forodha.