Ukuta Usiosifu

Binti yule hahesabu. Anaupiga mpira wa tenisi ukutani, nyuma ya viwanja vya klabu moja hapa Nairobi; ukirudi anaupiga tena. Bega limeshageuka kabla mpira haujadunda, miguu inakwenda hatua fupi fupi, na mpira wenyewe manyoya yamekwisha. Hewa ya Nairobi ni nyepesi, mpira hupaa, kwa hiyo mtoto hujifunza mapema kuukwangua kutoka chini kwenda juu ili uzunguke na kushuka ndani ya mstari. Hilo hafundishwi kwa maneno. Mkono wenyewe huligundua, jioni baada ya jioni, na ukiusikia mlio wa pigo lililoshika katikati ya raketi utaelewa kwa nini haitwi nyumbani mara moja akasikia.

Mihaly Csikszentmihalyi, mwanasaikolojia aliyetoa kitabu mwaka 1990 juu ya kuzama namna hii katika jambo unalolifanya, alieleza kwamba mtu huzama pale ugumu wa kazi unapolingana na uwezo wake, na anapojua papo hapo kama amepatia au amekosa. Ukuta unampa yote mawili bila ada. Ukiupiga kwa nguvu unakujibu kwa nguvu, ukizembea unakuumbua. Wala haukusifu, na nadhani hapo ndipo ulipo utamu wake.

Julai 2022, Angella Okutoyi, aliyelelewa na nyanya yake hapa hapa Nairobi, alitwaa ubingwa wa Wimbledon wa wasichana wawili wawili akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Seti ya kwanza waliipoteza 3-6, ya pili wakaichukua 6-4, kisha mambo yakaamuliwa kwa pointi, 11-9.  Ilipofika 9-9, anayeanza kulifikiria kombe mkono wake hukakamaa. Wa kupona ni yule ambaye bado anauona mpira tu.

Sisi wazazi wa leo tunawaonyesha watoto kombe kabla hawajaupenda mpira. Tunasimama nje ya uzio, simu mkononi, tukirekodi kila pigo na kulikosoa garini njia nzima ya kurudi nyumbani. Mtoto akikosa, hatazami mpira ulikoangukia. Anageuka kututazama sisi. Nani atazama mchezoni namna hiyo?

Juzi baba mmoja alimuuliza kocha lini mwanawe wa miaka tisa ataingia kwenye orodha ya ubora ya dunia. Kocha akamjibu kwa upole kwamba mashindano ya kimataifa ya vijana hayapokei aliye chini ya miaka 13.

"Basi tuna miaka minne," baba akasema, akafungua kikokotoo kwenye simu.