Pongezi kwa Wanaorudisha Wachezaji Jukwaani

David Hallberg, Mmarekani wa kwanza kuwa mchezaji mkuu wa baleti ya Bolshoi, alifanyiwa upasuaji wa kifundo cha mguu mwaka 2014. Mguu haukupona alivyotarajia, akakaribia kukata tamaa. Waliomsimamisha tena ni wataalamu wa fiziotherapia wa The Australian Ballet, mjini Melbourne, chini ya Sue Mayes.

Kazi yao haina shangwe. Mchezaji husimama kwa mguu mmoja, vidole vya mkono vikigusa ukuta. Hujiinua, kisha hushuka taratibu, kisigino kisiyumbe, vidole vya mguu visijikunje. Hurudia, na kesho tena. Mtaalamu ameinama, macho kwenye kifundo, kiganja kwenye shavu la mguu, akisikiliza msuli unapoanza kuchoka. Kuruka huja baadaye sana, na ni haki kabisa: kano haiharakishwi.

Ninachowaheshimia zaidi ni ujasiri wa kumwambia msanii mashuhuri kwamba leo haruki.

Desemba 2016 Hallberg alipanda jukwaani Sydney, katika baleti ya Coppélia. Mwaka 2021 akawa mkurugenzi wa sanaa wa The Australian Ballet hiyohiyo. Hongereni sana, mabingwa.