Tangazo la Gari Lililoandikwa na Mjuzi

“Gari kali, bado jipya, wahi mapema.” Mnunuzi wa Dar es Salaam ameyasoma maneno hayo mpaka hayaoni tena. Mwandishi hodari wa matangazo huanzia kwingine: Toyota IST ya 2004, injini 1NZ, cc 1490, namba D, kilomita 148,000. Fundi akisomewa mstari huo kwenye simu analijua gari, ulaji wake wa mafuta na upatikanaji wa spea zake Kariakoo. Tena mwaka na namba vimetajwa vyote viwili. Namba ya usajili husema gari lilisajiliwa nchini lini, haisemi lilitengenezwa lini. Gari la namba E linaweza kuwa kuukuu kuliko la namba D, ingawa lilisajiliwa baadaye.

Ninachokistahi zaidi ni mstari wa kasoro. “Bampa la mbele limekwaruzika kushoto. Shokapu za nyuma zinataka kubadilishwa.” Wauzaji wengi huuogopa mstari huu, ilhali ndio unaofanya kazi kubwa kuliko yote. Mnunuzi atakuja na fundi wake, na fundi ataona. Kasoro iliyotajwa imeshahesabiwa kwenye bei. Iliyofichwa humfanya mtu alitilie shaka hata gia boksi lisilo na tatizo lolote.

Picha nazo zina ufundi wake. Gari lipigwe likiwa kavu, maana maji huficha mikwaruzo na sehemu zilizopigwa rangi upya. Dashibodi ipigwe injini ikiunguruma: kilomita zisomeke, na taa ya injini ionekane imezimika yenyewe. Ukifungua swichi tu bila kuwasha, taa zote huwaka na picha haimwambii mtu kitu. Nimewahi kuona tangazo lililoweka hata picha ya pedali ya breki. Raba yake ilikuwa imelika kiasi, sawasawa na kilomita zilizoandikwa. Aliyeipiga anajua mnunuzi makini huangalia wapi, akamtangulia.

Karatasi zinamalizwa kwa maneno machache: kadi ipo, jina kwenye kadi ni la muuzaji mwenyewe, gari halidaiwi faini.

Na bei iandikwe kwa tarakimu. Anayesema “bei njoo tuongee” atashinda akijibu simu za watu ambao hawakuwa na fedha hiyo tangu mwanzo. Aliyeandika bei yake, akaongeza “maongezi yapo gari likishakaguliwa”, atapigiwa na wachache, nao watauliza gari liko wapi.