Koleti si Koleo: Tahakiki ya Mwongozo wa Mashine Ndogo ya Kukerezea

Miongoni mwa rasimu zilizoletwa mezani petu ili ziangaliwe istilahi zake, umo mwongozo mfupi unaokusudiwa kumsaidia mnunuzi kuchagua seti ya koleti kwa mashine ndogo ya kukerezea mbao. Umetafsiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya walimu wa ufundi na maofisa ugavi. Mfasiri wake ana Kiswahili safi, na sarufi yake haina kasoro ya kutajwa. Hata hivyo, tulipoufunga mwongozo huo tulibaki na shaka kama msomaji ataweza kununua kifaa kinachomfaa. Shaka hiyo ndiyo iliyozaa tahakiki hii.

Tuanze na jina la mashine yenyewe. Mfasiri ameiita "mashine ya kuzungushia mbao". Ni kweli kwamba mti huzunguka, lakini Kiswahili hakikungoja umeme ili kukipa kitendo hiki jina. Kitenzi "kereza" ni cha mafundi wa pwani waliokereza miguu ya vitanda tangu zamani, nacho kimo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939. Kutokana nacho tunapata "kerezo", "mkerezaji" na "mashine ya kukerezea". Pangaboi nalo huzunguka, wala hakuna aliyewahi kuliita kerezo. Mfasiri anayeliacha neno la fundi na kuunda lake mwenyewe humfanya fundi awe mgeni katika kazi yake.

Kosa hilo ni dogo, kwa sababu picha iliyo kwenye jalada inalisahihisha. Kosa kubwa ni lile la kuita koleti "koleo". Tunaelewa lilikotoka: sauti zinakaribiana, na vifaa vyote viwili hubana. Lakini hebu tutazame jinsi kila kimoja kinavyobana. Koleo lina mikono miwili iliyounganishwa kwa riveti, nalo hushika kitu kwa pande mbili. Koleti ni bomba fupi la chuma cha springi, lililochongoka kwa nje na kukatwa mikato myembamba kwa urefu wake. Nati inapokazwa, huisukuma koleti ndani ya tundu lenye mchongoko unaolingana nayo. Mikato hufumba, na kipande cha mti hubanwa pande zote kwa pamoja. Kwa sababu hiyo mti huzunguka bila kuyumba, na mkerezaji huweza kukereza kete ya sataranji au kishikizo kidogo cha mpingo pasipo kuacha alama za meno.

Sasa tumfikirie mtunza ghala anayepokea fomu iliyoandikwa "seti ya makoleo, vipande 18". Hatakuwa na hatia yoyote akileta sanduku la koleo za umeme na za bomba. Neno la asili ni la Kifaransa, lenye maana ya shingo ndogo, na halina udugu na koleo la mhunzi. Katika hali kama hii kutohoa si uvivu. "Koleti" ni neno fupi, linatamkika, na halikigusi kifaa kingine chochote. Tukiri pia kwamba sisi wenyewe tulijaribu hapo mwanzo kuunda "kibanio-mikato". Tulilipeleka karakana, fundi akalisoma mara mbili, akacheka, akaendelea kusema koleti.

Kifaa kinachoipokea koleti mfasiri amekiita "chaki". Hapa utohozi umefanywa bila kugeuka nyuma kutazama kama kiti kina mtu. Chaki inayo kazi yake ubaoni, na mwalimu wa karakana huishika kila siku. Sentensi ya mwongozo isemayo "safisha chaki kabla ya kuanza" ingewachekesha wanafunzi wote. Tungependekeza "kibanio" liwe jina la jumla, kisha tutenganishe "kibanio cha mataya", chenye mataya manne yanayofunguka na kufunga, na "kibanio cha koleti". "Jiliwa", ambalo mwongozo unalitumia mara mbili kwa kifaa hiki hiki, liachwe mahali pake juu ya meza ya fundi. Jiliwa halizunguki.

Lakini mahali ambapo msomaji anaweza kupoteza fedha ni kwenye namba. Mwongozo unasema: "Nunua koleo ya ukubwa wa 32." Maneno ya asili bila shaka yalihusu koleti za aina ya ER32. Mfumo huu ulitengenezwa na kampuni ya Rego-Fix ya Uswisi mwaka 1973, na baadaye ukaingizwa katika viwango vya Ujerumani kwa jina la DIN 6499. Namba 32 ni jina la aina. Hukadiria upana wa koleti yenyewe kwa nje, ambao ni milimita 33 hivi. Tundu lake kubwa katika seti ya kawaida hushika mti wa milimita 20 tu. Mwalimu anayetaka kubana vijiti vya milimita 30, akaagiza "ukubwa wa 32" akidhani amejiachia nafasi, atapokea kitu kisichomfaa hata kidogo. Hata ER40, ambayo kwa kawaida hufika milimita 26, isingemtosha. Neno "ukubwa" limegeuza jina kuwa kipimo. Iandikwe "koleti za aina ya ER32", na kipimo cha tundu kitajwe peke yake kwa "kipenyo".

Neno lililokosekana kabisa ni lile la masafa ya kubana. Kila koleti ya ER32 hufumba kwa milimita 1 hivi: iliyoandikwa 12 hushika kuanzia milimita 12 hadi 11. Kwa hiyo seti ya vipande 18, kuanzia 3 hadi 20, hushika kipenyo chochote kilicho kati yake. Seti ya vipande vinne au vitano vya vipimo vya inchi huacha mapengo, kwa maana robo inchi hadi tatu ya nane ni tofauti ya zaidi ya milimita 3. Kwa mfua vyuma hilo ni tatizo, kwani chuma huja na kipenyo chake. Mkerezaji wa mbao anaweza kukereza kishikio cha kipande chake hadi kilingane na koleti aliyonayo, na mara nyingi seti ndogo inamtosha. Mwongozo wa asili lazima ulilijua jambo hili, maana umependekeza seti ndogo. Tafsiri imebakiza pendekezo na kupoteza sababu.

Namna ya kufunga imepinduliwa. Tunasoma: "Ingiza koleo ndani ya chaki, kisha funga nati." Koleti za aina hii huingizwa kwanza ndani ya nati, kwa kuilaza kidogo mpaka isikike ikilia "tak", ndipo vyote viwili vifungwe kwenye kibanio pamoja. Pete iliyo ndani ya nati ndiyo inayoivuta koleti itoke wakati wa kufungua. Anayefuata maelezo ya mwongozo atafungua nati na kuiacha koleti imekwama ndani ya tundu, kisha atatafuta nyundo. Hapa tatizo ni mfasiri kutowahi kukiona kifaa, na kamusi haiwezi kumsaidia. Saa moja karakanani ingetosha.

Kuhusu upande wa mashine, mwongozo umefanya vizuri zaidi. "Nyuzi" za mhimili zimeelezwa sawasawa, na mnunuzi ameonywa apime kabla ya kuagiza: baadhi ya mashine zina nyuzi za inchi 1 zenye meno 8 kwa kila inchi, nyingine zina nyuzi za M33 zenye hatua ya milimita 3.5, na moja haiingii kwenye nyingine. "Mchongoko wa Morse" ni istilahi nzuri, nasi tunaikubali. Namba 1 na namba 2 zimetajwa kwa vipenyo vyake. Lakini tafsiri inasema kibanio cha mchongoko "hukaa chenyewe". Hukaa hivyo mpaka patasi iusukume mti kwa ubavu. Mtetemo ukaanza, nacho kikachomoka kikiwa kinazunguka. Kinahitaji chuma kirefu chenye nyuzi, kinachopita ndani ya mhimili ulio wazi na kukivuta kutoka nyuma. Kwa vile sentensi hii inagusa uso na macho ya mwanafunzi, tumeomba irekebishwe kabla ya nyingine zote.

Chuma hicho bado hakina jina tulilokubaliana. Rasimu imekiita "fimbo", mafundi wawili tuliowauliza walikiita "bolti ndefu", nasi tumeandika kwa muda "bolti ya kuvutia". Walimu wenye jina linalotumika karakanani kwao watuletee kabla ya kikao kijacho cha kamati.